Kifaransa cha Kuamia Ndege

Sisi tuliokulia Michenga miaka ya tisini, tukikutana msibani au kwenye ubatizo, soda ya kwanza haiishi kabla mtu hajaanza kuusifu utoto wetu. Ataanza na dungu. Atasema watoto wa siku hizi hawajui dungu, hawajui kuamia ndege, hawajui utamu wa wali mpya na kambale wa kubanika huku miguu inaning'inia juu ya mpunga. Wenzake wataitikia, watacheka, watatajiana majina ya utani. Huwa nacheka nao mpaka mahali fulani, halafu nainuka naenda kusaidia kuosha vyombo. Mwaka huu nimechoka kuosha vyombo. Na mimi nataka niseme enzi zetu zilivyokuwa, zote, siyo nusu.

Utamu ulikuwepo, sikatai. Mpunga ukianza kubeba, kijiji kilikuwa kinabaki na bibi, mbuzi na kufuli. Wengine wote tulihamia bondeni na masufuria kichwani, tukipita kwenye maji ya magotini huku tumekunja magauni. Dungu letu lilikuwa la miti minne, sakafu ya fito, paa la nyasi, na chini yake jiko la mafiga. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mpunga mpaka ukadhani mashamba yamefunikwa shuka. Tulikuwa na kamba zilizofungwa makopo matupu ya maziwa, ukivuta moja, shamba zima linagonga. Tulirusha madongo kwa kombeo. Jioni tulinuka moshi, tope na samaki, na hakuna aliyetuambia tuoge.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kupiga kelele. Ndege wenyewe, kweleakwelea, wakija wanakuja wingu zima. Mtoto wa dungu la kwanza anapiga yowe, wanaruka kwenda shamba la pili, wa pili anapokea, anawasukuma kwa wa tatu, hivyo hivyo mpaka msituni. Ukinyamaza, wanatua kwako, wanashiba, wanazoea, na kesho wanarudi na ndugu zao kwa jirani. Kwa hiyo kunyamaza lilikuwa kosa kubwa. Dungu likiwa kimya, jirani alikuja mbio kukutukana, wewe na ukoo wako. Dungu lenye kelele hakuna aliyelisogelea. Kelele ilikuwa na maana kwamba mtu yupo, ameamka, ni mzima. Tulikua hivyo, na hatukuona ubaya wake.

Mwaka wa baada ya zile mvua za Elnino, mashine ya kukoboa ya kijijini ilipata kibarua kutoka Kongo. Alishuka kwenye treni na mfuko mmoja, alikuwa mwalimu kwao, akakimbia vita. Kwetu akawa mtu wa kubeba magunia. Baada ya kazi alikaa kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, na sisi watoto tulikwenda kumchungulia kwa sababu Kiswahili chake kilituchekesha. Siku moja akachukua mkaa, akaugawa ukuta wa mashine kwa mstari katikati. Upande mmoja akaandika le, upande wa pili la. Tangu siku hiyo tukamwita Mzee Lela, na darasa likaanza.

Alisema kwa Kifaransa kila kitu kina upande, le wa wanaume, la wa wanawake. Tukamletea vitu, naye akatuonyesha pa kwenda kusimama navyo. Kisu, le couteau, nenda kwa wanaume. Ndoo, le seau, kwa wanaume. Mkeka, la natte, kwa wanawake. Jembe, la houe, kwa wanawake, na wavulana wakapiga makofi wakisema sawa kabisa, maana ndio wanaolishika. Mzee Lela akawaambia hakuna sababu, wasiitafute. Mpunga, mchele na wali, vitu ambavyo kwetu ni vitatu kabisa, vyote alivirundika kwenye neno moja, le riz. Tukawaonea huruma Wafaransa.

Tulipolalamika kwamba hatuwezi kukariri, alitushangaa. "Batoto, luga yenu iko na ngeli mingi sana, na hamukuogopa," alisema. "Ya hawa iko na mbili tu, munatetemeka nini?" Akatufundisha tusishike jina peke yake, tulishike pamoja na le au la yake, kwa sababu ukilitamka tupu ni kama umempita mkubwa njiani bila shikamoo.

Matamshi ndiyo yaliyotutoa machozi ya kucheka. Herufi u alisema tubane midomo kama tunapuliza moto wa kuni mbichi, halafu tuseme i bila kuiachia midomo. Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Darasa zima tulikuwa kama samaki waliotupwa mchangani. Herufi r, ambayo wengi wetu tulikuwa tunaipiga chenga hata kwenye Kiswahili tukisema mpila, tuliambiwa tuitoe kooni, kama mtu anayesukutua maji ya chumvi. Na herufi za mwisho zinaandikwa lakini hazisomwi. Dada yangu Fides alikasirika, akauliza kama hawazisomi, wanaziandika za nini. Mzee Lela akamjibu kwamba Wafaransa wana wino mwingi.

Fides alikuwa na miaka kumi na tano, darasa la saba, mimi kumi na mbili. Alikuwa na mwanya, miguu mirefu na hasira ya karibu, na kwenye kile Kifaransa alitupita wote kama tumesimama. Ndege ni l'oiseau. Wakiwa wengi, les oiseaux, unaunganisha unasema lezwazo. Fides alilipenda neno hilo, akalipeleka bondeni. Wingu la kweleakwelea likija, alisimama juu ya dungu akapiga yowe la lezwazo mpaka mashamba ya mbali yakacheka. Haukupita muda, watoto wa madungu yote, hata ambao hawakuwahi kuuona ule ukuta, wakawa wanafukuza ndege kwa Kifaransa. Hebu niambieni kama mnakumbuka. Najua mnakumbuka.

Kisha ikaja habari ya masista. Kulikuwa na shirika lililokuwa na shule ya wasichana mkoa mwingine, na walikuwa wanafundisha Kifaransa. Walitangaza kanisani kwamba wangechukua msichana mmoja kutoka parokia yetu, bila ada, atakayefanya vizuri kwenye mtihani mdogo: kutaja vitu na le na la zake, na kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Msichana mmoja. Siku ni Jumamosi, Ifakara mjini. Kijijini kwetu mwaka ule hakuna msichana aliyekuwa anangoja sekondari, walikuwa wanangoja mchumba. Fides alijua hilo. Alikuwa ameshaonwa na familia moja ya Mchombe, na shangazi yetu alishaanza kumkagua namna anavyopika. Ile Jumamosi ndiyo ilikuwa mlango wake, na hakukuwa na mlango mwingine.

Mzee Lela alikuja nyumbani Jumapili iliyotangulia, akavua kofia, akamwomba Baba amwache Fides kijijini wiki hiyo moja afanye mazoezi. Baba alikuwa anajiandaa kwenda Mchombe kuvuna shamba la bibi. Mama alikuwa na mtoto wa wiki mbili, hatoki ndani. Ndege walikuwa wamekolea. Baba alimsikiliza vizuri, hakumfokea, halafu akasema maneno ambayo kijiji kizima kilikuja kuyarudia.

"Asome huko huko shambani. Ndege hawajali anapiga kelele kwa lugha gani."

Watu walicheka sana. Hata Mama alicheka. Hata Fides alicheka, maana ukweli ni kwamba jibu lilikuwa zuri. Tukaenda bondeni sisi wawili siku ileile. Chandarua kilikuwa kimoja nyumbani, akaachiwa Mama na mtoto, na hilo nalo lilikuwa sawa, nani angebisha. Maji ya mvua bado yalikuwa yamesimama kila mahali, na jioni mbu walikuwa wanaimba mpaka unashindwa kumsikia mwenzako.

Jumatatu Fides alisoma siku nzima. Alisimama juu ya dungu na karatasi aliyoandikiwa na Mzee Lela, akaitupia ndege. Jirani yetu, Baba Teodori, alikuwa kwenye dungu lake, umbali wa kusikilizana, na kila ndege wakiruka alikuwa anaitikia "weee, Mfaransa". Jumanne jioni Fides alikataa kula. Akajifunika kanga na bado jua lilikuwepo. Nikamwambia unaumwa. Akasema kichwa tu. Nikamwambia nikamwite Baba Teodori. Akanishika mkono, wake ulikuwa wa moto kama kifuniko cha sufuria.

"Skola, ukimwambia mtu, nitakufa na wewe," alisema. "Wakijua wananirudisha nyumbani, Jumamosi hawaniruhusu. Baba atasema si unaona, mwili wenyewe hauwezi shule. Kesho nenda kaniletee klorokwini kimyakimya."

Nikanyamaza. Tulikuwa watoto waliolelewa vizuri, tulijua kunyamaza.

Jumatano nikaenda kijijini. Nilimwambia Mama nimefuata unga. Klorokwini niliipata dukani, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nilitakiwa nirudi jioni ileile, lakini Mama alikuwa hana maji, hana kuni, mtoto analia, akaniambia nilale nimsaidie, Fides ni mkubwa. Nilikuwa na sababu ya kukataa, nayo ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Sikuitoa.

Alhamisi mchana nikavuka kurudi. Nilikuwa nakimbia, nataka mjue hilo. Nilipofika kwenye shamba la Baba Teodori nikaanza kusikia sauti ya Fides kwa mbali, inapanda inashuka, haikatiki. Baba Teodori alikuwa amekaa kwenye dungu lake anatafuna muwa. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanyoosha kidole kule kwetu.

"Dada yako leo Kifaransa kimekolea," alisema. "Tangu alfajiri hajapumzika. Hata ndege wakiwa hawapo yeye anasoma tu. Huyo Jumamosi anawaaibisha wote."

Nilimwuliza kama amekwenda kumwona. Alinishangaa, siyo kwa ubaya. Akamwone wa nini, na kelele zote hizo? Na mimi, niliyejua kila kitu, nikasikia moyo unatua. Nikajiambia homa imeshuka, anasoma. Baba Teodori alinipa pingili ya muwa. Nilikaa chini ya dungu lake nikala muwa wangu mpaka ukaisha, huku namsikiliza dada yangu. Hata niliona fahari. Muwa wenyewe ulikuwa mtamu, siwezi kuwadanganya.

Nilipofika dunguni alikuwa chini, kwenye tope, ameegemea nguzo, amezishika kamba za makopo kwa mikono miwili. Macho yalikuwa wazi na hayakunijua. Alikuwa anaongea. Kilikuwa Kifaransa? Sijui. Kilikuwa Kipogoro chetu cha nyumbani? Sijui. Baadaye nilijifunza lugha ile kwa miaka minne, nikawa narudisha kichwani yale maneno nikiyapanga, hili le, hili la, na hayapangiki. Nilimtia kidonge mdomoni, kikatoka na mate. Ndipo nikapiga yowe, yowe la kwetu la kawaida, na Baba Teodori alikuja mbio akiacha muwa. Alimbeba mgongoni kwenye maji, akamvusha mto kwa mtumbwi, akampakia kwenye baiskeli na mimi nikimshikilia kwa nyuma. Alifanya yote mtu anayoweza kufanya. Tulikuwa tumeshayaona mabati ya Ifakara na jua bado liko juu Fides aliponyamaza.

Tulimzika Jumamosi.

Baba alirudi Ijumaa kutoka Mchombe. Hakulia mbele za watu. Aliuliza mara moja tu ilikuwaje, na Baba Teodori akaeleza alivyomsikia akisoma tangu alfajiri. Kabla hajamaliza, shangazi alishasema. Kile Kifaransa kimempanda kichwani. Mtoto wa watu ametiwa lugha isiyo yake mpaka akili ikachemka. Neno hilo likazunguka msiba mzima kabla ya chai, na watu wakalipokea kwa haraka, maana lilikuwa jepesi kubeba. Ukilibeba hilo, huna haja ya kuuliza nani alimpeleka mtoto mwenye mtihani akalale wiki nzima kwenye mbu. Huna haja ya kuuliza kwa nini mtu anaweza kupayuka siku nzima mita mia mbili kutoka kwa watu wazima na hakuna anayekwenda kutazama.

Mzee Lela alikuja mazikoni. Alisimama pembeni na kofia mkononi, na hakuna aliyempisha kwenye benchi. Shangazi alimfuata akamwuliza kama amekuja kutazama kazi yake. Yule mzee alisema, "Mama, pole sana. Ilikuwa malaria, mama." Alisema mara mbili, kwa sauti ya chini. Baba alikuwa amekaa karibu, alisikia. Baba aliijua malaria kuliko huyo Mkongo, alishazika wadogo zake wawili nayo. Alitazama chini. Na mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama nikijua kichwa kilianza Jumanne, nikijua Fides alisema nini na kwa nini, na neno moja langu lingetosha kumsafisha yule mtu. Nilitazama chini kama Baba.

Kabla mwezi haujaisha, mwenye mashine alimwambia hana kazi tena. Akaondoka kwa treni kama alivyokuja, kuelekea wapi sijui. Ukuta wakaupaka udongo.

Mnadhani yameisha. Sista aliyekuwa anasahihisha mtihani alisikia habari zetu, akaahirisha kumchagua msichana, akasema nyumba ile isinyimwe. Baba akanichukua mimi. Nilikuwa darasa la tano, wakasema nitasubiriwa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Niliogeshwa, nikavikwa gauni la Fides lililokuwa linanifika vifundoni, nikawekwa mbele ya meza. Sista akapanga vitu: kikombe, kisu, kitabu, ufunguo. La tasse. Le couteau. Le livre. Ufunguo niliukosa, nikautia upande wa wanaume. Alitabasamu, akanipapasa kichwa, akaandika kitu. Nilikuwa nimepita kabla sijaingia.

Ndivyo nilivyopata sekondari. Nimelala miaka minne kwenye kitanda cha dada yangu, nikala wali wake, nikafaulu somo lake. Miaka fulani nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni Mang'ula, wakaja Wafaransa wa kupanda milima, nikawasalimia. Wakashangaa matamshi yangu. Waliuliza nimejifunzia wapi, nikasema shuleni, nikaenda kutandika vitanda. Shangazi, kabla hajafa, alikuwa ananiambia Fides aliniombea kwa Mungu. Nilimwambia anyamaze, na ukoo ukasema shule imeniharibu adabu. Labda.

Sasa nina binti wa miaka tisa, Beata. Ni mtoto wa siku hizi kweli kweli. Anadeka. Akijikwaa, mtaa mzima unajua. Akiumwa tumbo anatangaza kama mnadani, na akipewa dawa anataka aambiwe ni ya nini, na kama ni chungu, na kwa nini mimi sinywi. Hajui kukoka moto. Hajawahi kuusikia ukungu wa bondeni ukimgusa shingoni, wala makopo ya shamba zima yakigonga kwa pamoja, na nikisema ukweli hilo linaniuma, kwa sababu lilikuwa jambo zuri na sina namna ya kumpa zuri lake bila mengine. Ana chandarua chake mwenyewe. Joto likimpanda kidogo tunakwenda zahanati, wanamtoboa kidole, analia, tunajua. Wenzangu wananicheka kwamba nalea yai.

Mwezi uliopita Baba alikuja. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini shamba bado analo. Alikaa kibarazani, akanywa chai, akasema likizo hii nimpe Beata akaamie ndege, wiki mbili tu, ajifunze kazi. Alisema sisi tulikuwa tunakaa bondeni mwezi mzima na hakuna aliyewahi kumsikia mmoja wetu akilalamika.

Nikamwambia. Sikupanga, nilikuwa nimeshika birika. Nilimwambia Fides alianza kuumwa Jumanne. Kwamba mimi nilijua, na nilifunga dawa kwenye kanga nikalala nayo nyumbani. Kwamba alinikataza kusema kwa sababu alikuogopa wewe, Baba, alidhani utamnyima ile Jumamosi. Kwamba yule mzee wa watu hakufanya chochote, na wewe ulijua.

Baba aliweka kikombe chini. Akatazama fimbo yake. Nilidhani atanifokea, na ningependa anifokee.

"Mbona hamkusema?" aliuliza.

Ndani Beata akaanza kuniita, mama, mama we, mbu ameniuma hapa, njoo uone, njoo sasa hivi. Baba akanyanyua mkono kama mtu anayetaka kumnyamazisha mtoto, halafu akaushusha. Nikaiacha birika mezani, nikaingia kumsikiliza mwanangu.